Yona Aliyeachwa Ufukweni

Vitabu vya picha vya Biblia vimepita vingi mkononi mwangu katika kufundisha watoto kanisani, na karibu vyote vinamwacha Yona mahali pamoja: ufukweni. Samaki mkubwa, mara nyingi akiwa anatabasamu, amekwisha kumtapika. Yona amepiga magoti, nguo zinachuruzika maji. Ukifungua ukurasa unaofuata, Ninawi imetubu, jua linawaka, basi.

Anayefungua Biblia yenyewe hukuta bado kuna sura nzima. Yona amenuna. Mungu amewasamehe watu ambao yeye alitaka waangamie, naye anaona heri kufa. Anatoka nje ya mji, anajijengea kibanda, anakaa kungoja aone litakalotokea. Mtango unaota na kumpa kivuli, anafurahi. Alfajiri mdudu anautafuna, jua linampiga utosini, anakasirika upya, safari hii kwa ajili ya mtango. Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu juu ya watu zaidi ya 120,000 wa mji ule, na wanyama wao. Jibu la Yona hatulisikii.

Naelewa kwa nini wachapishaji hukatiza kwenye samaki. Mtoto wa miaka minne anamtaka samaki, na ana haki naye. Lakini mtoto wa miaka kumi anakujua kununa kuliko anavyojua bahari. Ana mdogo wake aliyevunja kikombe akasamehewa, ilhali yeye alichapwa kwa kosa hilohilo mwaka jana. Sura ya nne ndiyo yake, na ndiyo hiyo tuliyomnyima.

Nimefikia kuamini kwamba vitabu vyetu vingi vya Kikristo kwa watoto na vijana vina ugonjwa huo mmoja, hata pale visipomtaja Yona. Vinamwogopa msomaji. Vinaogopa akiachiwa hadithi peke yake ataielewa vibaya, kwa hiyo vinampunguzia upande wa uchungu, kisha vinamwongezea mahubiri upande wa mwisho. Shule nayo ilitufundisha hivyo. Nani hakumbuki swali lile lililofuata kila hadithi kwenye kitabu cha darasa la nne: hadithi hii inatufundisha nini? Tulijibu kwa utiifu kwamba inatufundisha kuwa wavumilivu, au tusiwe wachoyo, tukapata alama yetu, tukaenda kucheza. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Bibi akifika mwisho alisema tu hadithi imeishia hapo, akatufukuza tukalale, nasi tukalala na fisi wetu kichwani tukimfikiria wenyewe.

Wafuasi wa Yesu wangepaswa kulijua hili kuliko wote. Katika Luka 15 mwana mpotevu amerudi, ndama amechinjwa, ngoma inalia ndani. Kaka mkubwa yuko nje, amekasirika. Baba anatoka, anamsihi, anamweleza. Je, aliingia? Luka hasemi. Hadithi mashuhuri kuliko zote za Ukristo imeachwa mlango wazi, na mhusika mmoja hajaamua.

C. S. Lewis, aliyeandika vitabu saba vya hadithi za watoto vya Narnia kati ya 1950 na 1956, alilijua jambo hili vizuri. Wengi wetu huku tulivifahamu kupitia filamu ya 2005 au maktaba za shule za Kiingereza. Katika kitabu cha kwanza kutolewa, kijana Edmund anawasaliti ndugu zake kwa malkia mchawi, na bei yake ni peremende za Kituruki. Anapookolewa, asubuhi ndugu zake wanamwona kwa mbali akitembea na simba Aslan kwenye majani yenye umande. Mwandishi hatuambii Aslan alisema nini. Anasema tu kwamba Edmund hakuyasahau kamwe maneno yale. Kisha simba anamleta kwa wenzake na kuwaambia hakuna haja ya kuzungumza naye juu ya yaliyopita.

Ukisoma mahali pale kama mwandishi, utashangaa. Hiyo ndiyo nafasi ambayo kila mmoja wetu angeijaza. Tungemweka simba juu ya jiwe, tukampa kurasa tatu za kumweleza Edmund ubaya wa usaliti, na mwishoni Edmund angelia. Lewis, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa na maneno ya kumwaga na aliyekwisha kuandika vitabu kadhaa vya kutetea imani, aliiacha wazi. Mtoto anayesoma, mwenye siri yake mwenyewe ya aibu, analazimika kusikia maneno ambayo yeye angeambiwa.

Hata hivyo wazazi walipata wasiwasi. Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani alimwandikia Lewis kwamba mwanawe wa miaka tisa anaogopa kuwa anampenda Aslan kuliko Yesu. Lewis hakumcheka. Alimjibu kwa upole kwamba yale mtoto anayoyapenda kwa Aslan ni yale ambayo Yesu ndiye aliyeyatenda na kuyasema kweli, hivyo anapodhani anampenda simba, anayempenda ni Yesu. Unaweza kubishana na teolojia ya jibu hilo, lakini mtoto mwenye hofu hakupewa karipio.

Karibu na kwetu kuna mfano mwingine. Daktari Paul White, Mwaustralia, alifika hospitali ya misheni ya Mvumi, kusini-mashariki mwa Dodoma, mwaka 1938. Hakukaa sana. Mkewe aliugua, na 1941 familia ikarudi kwao. Ila miaka hiyo michache ilimpa maisha yote ya uandishi: mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor, na baadaye ngano za wanyama zilizochorwa picha na kufasiriwa katika lugha nyingi. (Jungle! Mvumi ni nchi ya mibuyu, miiba na vumbi. Anayetafuta msitu mnene Ugogo atatembea sana.) Katika ngano hizo msimulizi ni Daudi, mfanyakazi Mwafrika wa hospitali, anayekaa na wasikilizaji wake kando ya moto. Anasimulia habari za nyani aliyezama kwenye tope akataka kujitoa kwa kuvuta sharubu zake mwenyewe. Anasimulia habari za mtoto wa chui aliyelelewa kijijini kwa uji, watu wazima wakionya, watoto wakiona ni mpole, hadi alipoonja damu.

Baada ya ngano Daudi hueleza: chui ni dhambi, nyani ni sisi. Kuna mengi ya kumlaumu White, na macho ya kikoloni yamo, hayajifichi. Lakini waulize waliosoma vitabu hivyo utotoni wamebakiwa na nini. Watakuambia chui. Watakuambia sharubu. Maelezo yamepukutika njiani, na hakuna aliyeyakosa, kwa sababu chui mwenyewe alikuwa amekwisha kuifanya kazi yote.

Anayenigusa zaidi ni Patricia St John, muuguzi Mwingereza aliyefanya umisionari Tangier, Morocco. Hadithi yake ya 1950, Treasures of the Snow, imewekwa Uswisi, ambako aliwahi kuishi utotoni. Aliiandika baada ya Vita Kuu ya Pili, akiona Ulaya imejaa visasi, akaamini kwamba watoto wa wakati ule walihitaji kuliko yote kujifunza kusamehe. Lucien, mvulana mkorofi, anamtania mtoto Dani kwa kumning'iniza paka wake juu ya korongo. Paka anamponyoka, Dani anashuka kumfuata, anaanguka na kuumia mguu. Hadi hapo tunajua mkosaji ni nani. Lakini kitabu kinageuka polepole. Dada yake Dani, Annette, msichana wa nyumba ya maombi, anaanza kuilea chuki yake. Lucien amechonga farasi wa mti kwa ajili ya mashindano ya shule. Annette anamkuta farasi yule mahali pasipo na mtu, anamvunja. Kuanzia hapo mwenye kuhitaji msamaha ni binti wa kanisani, naye anajua, na hawezi kuomba tena. Mwandishi hamharakishi. Miaka ishirini na kitu baadaye, mwaka 1971, mwanamke huyohuyo alitoa kitabu kuhusu misheni ya Rwanda na uamsho wake, ule ambao waumini wake walisimama kanisani na kuziungama dhambi zao kwa sauti.

Sasa linganisha na vijitabu tunavyowapa vijana wetu. Mara nyingi ni msichana mmoja, Neema au Maria, aliyeanza kwa kutotii, akafuata marafiki wabaya, akapewa simu, akapata mimba, akajuta. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna aya ya Biblia. Mvulana aliyempa mimba huwa amekwisha kutoweka ukurasa wa kumi, na hakuna anayemtafuta, hata mwandishi. Mchungaji anayechukua sadaka ya wajane haonekani kamwe. Kijana aliyefunga na kuomba siku tatu ili mama yake apone, mama akafa, huyo naye hana kitabu. Wapo, tunawazika wazazi wao kila mwezi, lakini katika maandishi yetu ya Kikristo hawajazaliwa. Biblia iliyotuachia Petro akimkana Bwana wake mbele ya kijakazi haikuwa na woga huo.

Na picha. Mwaka 2010 Askofu Mkuu Desmond Tutu alitoa Biblia ya hadithi kwa watoto iliyochorwa na wasanii wa nchi mbalimbali, kila mmoja akimchora Yesu na watu wake kwa mkono wa kwao. Kwetu mengi yaliyopo bado ni Yesu wa nywele za dhahabu kwenye karatasi inayong'aa, ingawa Myahudi wa Galilaya wa karne ya kwanza hakuwa hivyo. Wachoraji tunao. Wanachora mabango ya saluni na vitabu vya shule, kwa sababu huko wanalipwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makanisa yenye mitambo ya kuchapa na kwa walimu wa shule ya Jumapili wenye daftari la hadithi kabatini. Mlipeni mchoraji. Mtafuteni yule mvulana aliyetoweka ukurasa wa kumi, mrudisheni aonekane. Na kabla hamjapeleka mswada kiwandani, someni ukurasa wa mwisho, ule unaoeleza maana, na muutoe.