CHETI CHA UALIMU NI USHAHIDI

 

Ndugu zangu Waislamu, huku mijini limezoeleka neno moja. Kijana asipofaulu vizuri kidato cha nne, wazee husema: "Basi huyu aende ualimu." Maana yake ualimu ni pa kuwatupia waliokosa pa kwenda. Neno hilo niliambiwa mimi. Leo nataka kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu, kama tulivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 135.

Nilikulia Dar es Salaam nikisaidia kusomesha watoto madrasa. Mwaka 2003 nikaenda kusomea ualimu Daraja A mkoani Mara. Ilikuwa enzi ya MMEM. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001, watoto wamemiminika, walimu hawatoshi. Kwa hiyo mafunzo yalifupishwa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili unafundisha shuleni huku nawe unafundishwa.

Mwaka 2004 nilipangiwa kijiji kimoja wilayani Serengeti. Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa Kikuria, si Mwislamu, zao la UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na kwa ajili hiyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini. Mzee alikuwa mmoja wao. Sisi tuliotoka kidato cha nne tulimcheka pembeni.

Mimi nilikuwa hodari wa makaratasi. Azimio la kazi, andalio la somo, shajara, vyote niliviandika kwa mwandiko mzuri nikingojea wakufunzi waje kunitahini. Lakini darasa langu la sita lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Kuita majina kulikula kipindi. Basi kila asubuhi nikawa naweka alama ya kuwepo kwa wote, kisha nashika chaki.

Ndugu zangu, kwa Wakuria wa Tarime na Serengeti msimu wa tohara huwa hasa mwezi wa Desemba, katika miaka ya shufwa. Mwaka 2004 ulikuwa mmojawapo. Wasichana nao hukeketwa, ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18.

Mwishoni mwa Novemba mzee aliingia ofisini na daftari langu la mahudhurio.

"Mura, huyu mtoto yuko wapi?"

Nikatazama jina. "Yupo, mzee."

"Nimetoka kwao sasa hivi. Alichukuliwa siku sita zilizopita. Miezi hii mimi hutazama madaftari kila jioni. Nikiona binti hayupo hata siku moja, nafika kwao kabla giza halijaingia. Daftari lako limenidanganya."

Hakunigombeza. Alilifunga daftari akatoka. Binti yule alikwishakeketwa. Januari hakurudi darasani.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatajia Maswahaba madhambi makubwa kabisa: kumshirikisha Allah na kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea, akakaa sawasawa, akataja ushahidi wa uongo, akaurudia sana mpaka wakatamani anyamaze. Hadithi hii niliijua tangu madrasa. Nilidhani inahusu mahakamani tu. Kumbe mimi nilikuwa nikiapa uongo kila asubuhi kwa kalamu, na mtoto wa watu akalipa.

Mwaka 2005 nilipokea cheti changu. Mikono ilitetemeka. Kile ni ushahidi wa watu kwamba huyu ni mwaminifu, mkabidhini watoto. Hata lugha yetu imetuambia: cheti cha chuo kikuu tunakiita shahada, neno lile lile la kushuhudia. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu. Bodi itakagua vyeti. Niyya na daftari la asubuhi vina Mkaguzi mwingine.

Basi enyi wazazi, msiuchagulie ualimu mtoto mliyemkatia tamaa. Mpelekeni yule mnayemwamini kwa amana. Nanyi maustadhi wenye kipaji cha kufundisha, tafuteni cheti. Tangu mwaka 2005 tunacho hata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Na wewe uliye chuoni leo unayeandika maandalio mazuri kwa ajili ya mkufunzi, ita majina.

Siku hizi vipo vituo vya kuwahifadhi wasichana, Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Lakini binti atafikaje huko ikiwa hakuna mtu mzima aliyetambua kuwa hayupo? Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu.

Tangu Novemba ile sijapitisha asubuhi bila kuita majina, moja baada ya jingine. Jina la binti yule haliitikiwi. Namuomba Allah (S.W.) anisamehe, amhifadhi popote alipo, na atujaalie walimu wakweli. Amin.