Kujaza Mara Moja, au Kila Usiku?

Somo: Kutoka 16:13–21



Siku hizi twayaona mijini magari yasiyokunywa petroli. Yaenda kwa betri, na watu hubishana habari zake hata nje ya kanisa baada ya ibada: lipi lina urahisi zaidi, la petroli au la umeme? Mwenye petroli hujisifu kwamba kwa dakika 5 tangi limejaa, naye yu njiani. La umeme, likichomekwa katika soketi ya kawaida ya nyumbani, lataka usiku mzima; na lenye betri kubwa laweza kupita hata siku nzima kabla ya kujaa. Kwa hesabu hiyo mwenye petroli ameshinda.

Lakini tuhesabu tena. Mwenye gari la umeme hakai kulingoja. Huchomeka waya jioni, akala, akasali, akalala. Usiku mmoja katika soketi hiyo humpa umeme wa kwenda kilomita 100 hivi, na wengi wetu hatuendi mbali hivyo kwa siku. Mwenye petroli husubiri mpaka mshale umeshuka, kisha aiache njia yake akatafute kituo. Tena tukumbuke Aprili 2022, jinsi magari yalivyopanga foleni ndefu katika vituo vya Kenya, na vituo vingine havikuwa na mafuta. Umeme nao hukatika, twajua. Lakini aliyechomeka jana ana akiba ya leo.

Wana wa Israeli jangwani waliagizwa kuokota mana kila asubuhi, kadiri ya mahitaji ya siku. Waliojaribu kuilimbikiza waliikuta imeingia mabuu. Si kwamba Mungu alikuwa na upungufu. Alitaka wamjie kila siku.

Basi tujiulize, sisi tu Wakristo wa namna gani? Wengi wetu tu watu wa kujaza mara moja. Twaja Krismasi, twaja Pasaka, kisha twaenda mpaka mshale umelala kabisa. Ugonjwa ukiingia nyumbani, au kazi ikikatika, ndipo twamkimbilia Mungu huku tukipiga honi. Je, Mungu hutufukuza? La, hasha! Ila twafika kwake kama wageni, hatujui hata pa kuanzia. Wala sisi tunaohubiri hatumo nje ya lawama hii. Zipo siku tumenena habari za Mungu mchana kutwa, na usiku tukalala bila kunena naye.

Sala ya kila siku ni ya polepole. Ni zaburi moja, kuungama makosa ya siku, kuwataja wagonjwa kwa majina, na Baba Yetu. Ukiinuka waweza kudhani hakuna kilichotendeka. Hata anayelitazama gari lililochomekwa usiku haoni kitu, wala hasikii mngurumo. Asubuhi ndiyo itakayoonyesha.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Urahisi huu ni wa mwenye soketi. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye gari lake hulala barabarani, atachomeka wapi? Yamlazimu kwenda kwenye kituo cha kuchaji haraka, akae nusu saa au zaidi. Na katikati yetu wapo wasio na mahali pa namna hiyo kwa ajili ya roho zao: mjane aliyebaki peke yake, kijana wa nyumba isiyosali, mlevi anayeona haya kupita mlango wa kanisa. Kumwambia mtu huyo asali kila siku, nasi tusimfungulie mlango, ni kumpa gari bila waya.

Kwa hiyo twaomba jambo moja kwa kila nyumba ya parishi yetu. Juma hili tengeni robo saa ya jioni, mketi pamoja, msome na kusali. Tena mwiteni mtu mmoja asiye na wa kusali naye. Asije kuhojiwa wala kukemewa. Aje aketi nanyi, na kesho yake aje tena.

Mungu aliyewalisha watu wake jangwani, siku kwa siku, azijalie nyumba zetu neema hiyo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.