Kiko cha Babu: Kitunzwe au Kichomwe?



Zipo familia za Kichina, huko China kwenyewe na ng'ambo walikohamia, ambazo mpaka leo zinatunza kiko cha babu wa babu. Viko vya tumbaku, vile virefu vya mwanzi, havinipi shida. Kukirithi ni kama kurithi bakora ya mzee. Shida ipo kwenye kiko cha afyuni.

Hiki kina bomba nene, mara nyingi la mwanzi, na ubavuni kikombe cha udongo chenye tundu dogo sana. Mvutaji alijilaza, akakishikilia kikombe juu ya taa mpaka afyuni itoe mvuke, akavuta. Mwanzi mpya una rangi hafifu. Ukitumika miaka na miaka unaiva, unakuwa wa kahawia, unang'aa. Na hiyo ndiyo rangi wanayoipenda wakusanyaji wa vitu vya kale! Yaani kinachokipandisha bei ni ile miaka ambayo mtu alikuwa kifungoni.

Kifungo chenyewe kilikuwa na wafanyabiashara wake. Mwaka 1839 afisa wa China, Lin Zexu, aliteketeza masanduku zaidi ya 20,000 ya afyuni ya wafanyabiashara wa Kiingereza pale Humen. Uingereza ikajibu kwa vita, na mwaka 1842 ikaondoka na Hong Kong. (Kiswahili nacho kina neno lake la afyuni: kasumba. Leo tunalitumia kwa mawazo ya kikoloni yaliyotuganda kichwani. Waliolihamisha maana walijua wanachofanya.)

Sasa, mjukuu Mkatoliki aliyeachiwa kiko hiki afanyeje?

Wapo watakaosema kichomwe, kina laana. Hapo nakataa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba uovu si kitu kinachojitegemea, ni upungufu wa wema unaopaswa kuwepo. Mwanzi haukutenda dhambi. Wengine watasema: basi ni pambo tu, kiweke sebuleni. Hapo pia nakataa, tena kwa nguvu zaidi. Urithi si pambo. Pambo unalinunua kwa sababu ni zuri. Urithi unaupokea kwa sababu ulikuwa wa mtu fulani. Ukikisifia kiko na kumficha aliyekivuta, hujarithi chochote, umepata tu samani.

Kwa hiyo mimi nasema kitunzwe, ila kitunzwe pamoja na habari yake yote. Mtoto akiuliza "hiki cha nani?", ajibiwe kweli.

Naona Kanisa lenyewe limefanya hivyo. Marko Ji Tianxiang alikuwa daktari Mkatoliki huko China, aliyetibu maskini bila malipo. Aliugua tumbo, akatumia afyuni kama dawa, ikamnasa. Kila alipoungama alirudi na dhambi ileile, mpaka padre akamnyima maondoleo: aliona hana azimio la kweli la kuacha. Wakati ule uraibu haukueleweka kuwa ugonjwa. Miaka 30 Marko hakupokea Ekaristi. Hebu fikiria, miaka 30! Na bado aliendelea kusali na kwenda kanisani. Hakufanikiwa kuacha.

Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, alikamatwa pamoja na watu wa familia yake. Aliomba auawe wa mwisho, ili pasiwe na hata mmoja wao atakayekufa peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu, na afyuni haikufutwa kwenye maisha yake. Tunaisoma mpaka leo.

Najua nyumbani kwa baadhi yenu hakuna kiko. Kuna gongo, au ile kitu ya unga, na kuna mjomba ambaye picha yake imeshushwa ukutani na jina lake halitajwi kwenye sala ya familia. Kumbukumbu ya Mtakatifu Marko Ji na wafiadini wenzake wa China ni tarehe 9 Julai. Siku hiyo peleka nia ya Misa, na uandike jina la mjomba kamili, usiandike "ndugu yetu mmoja".