Khabari ya Mwili ni Amana ya Mtoto

Wako watoto wetu waliozaliwa na virusi vya Ukimwi, nao hunyweshwa dawa kila siku wala hawajui ni za nini. Wakiuliza, huambiwa: "Ni za kifua." Uwongo huo haudumu. Mtoto akishabalehe huona kifua hakimwumi, akazitupa dawa, maradhi yakamzidi. Au huoa naye hajui, akamwambukiza mkewe. Je, dhambi hiyo ni ya nani?

Mwana wa miaka 7 twamwamrisha kusali, kwa kuwa ana akili ya kupambanua. Basi vipi tumwone hana akili ya kuujua mwili wake? Shirika la Afya Duniani, mwaka 2011, lilipendekeza mtoto wa umri wa skuli aambiwe, na aliye mdogo zaidi atayarishwe kidogo kidogo kwa kadiri ya fahamu zake.

Mwambieni kuwa hana kosa. Na kwamba anywaye dawa zake barabara, hata virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenziwe katika tendo la ndoa.

Khabari hiyo ni amana yake. Mpeni mwenyewe, wala msiwape majirani. Wallahu aalam.