Aibu na Kinga

Tuseme baba mmoja wa Chebunyo, katika kaunti ya Bomet, aambiwa na mwalimu kwamba binti yake wa miaka 10 atachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Auliza ugonjwa huo huletwa na nini. Ajibiwa kuwa huletwa na virusi vya papiloma, viambukizwavyo kwa kujamiiana. Baba aona ametukanwa. Je, mtoto wake ameshukiwa uasherati?

Hasira yake yatoka katika heshima, wala si haki kuicheka. Lakini ina kosa. Chanjo haiponyi aliyekwisha kuambukizwa; humkinga yule ambaye hajaguswa bado. Utoto wa binti ndio sababu yenyewe, si tuhuma. Tena mwanamke aliyejitunza mpaka siku ya ndoa aweza kuambukizwa na mumewe, na mume asijue, maana virusi hivyo huweza kukaa miaka mingi bila dalili. Basi tabia njema ya mmoja itawakingaje wawili?

Aina za virusi hivyo zapita 200. Mbili tu, ya 16 na ya 18, huleta kama saba katika kila saratani kumi za namna hii. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa umri huo Oktoba 2019, na wako waliopinga.

Baba huyo akirudi kwa mwalimu, na aulize pia mkewe atapimwa wapi. Chanjo ya binti haimfikii mama, na akina baba husahau hilo upesi.