Baina ya Spika na Sikio

Mchimbaji mdogo wa Geita apelekapo dhahabu yake kwenye soko la madini lililofunguliwa mjini humo mwaka 2019, hupimiwa uzito na usafi mbele ya macho yake, ndipo bei itajwe. Hapana awezaye kumwambia kwamba gramu zake 10 zitakuwa 12 akivumilia mwezi mmoja. Lakini mtu huyohuyo akinunua spika Kahama au Shinyanga mjini, akazifikisha nyumbani na kuiona sauti yake kavu na besi haba, ataambiwa: mpya hizo, zipige wiki tatu, zitalainika. Naye huridhika. Imekuwaje aliyefunzwa na maduara kuiamini mizani peke yake, akubali hapa neno tupu?

Neno lenyewe, kusema haki, si tupu kabisa. Koni ya spika hushikwa ukingoni kwa duara la mpira, sifongo au kitambaa, na nyuma yake kuna kitambaa kingine chenye mikunjo, kinachoiweka koili katikati ya sumaku. Vitu hivi vikiwa vipya huwa vikavu. Koni ikichezeshwa kwa nguvu hulegea, na mtetemo wake wa asili hushuka kidogo. Ila sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea katika dakika au saa za mwanzo, na nyingine hurudi spika ikipumzishwa. Tena, katika kasha dogo lililozibwa, hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayoirudisha koni mahali pake kuliko ukingo wake. Edgar Villchur wa Marekani aliijengea spika zake juu ya msingi huo mwaka 1954. Hewa haina upya wala ukuukuu. Wiki tatu, basi, zinatoka wapi?

Usukumani wanakijua chombo kinachobadilika kweli. Ngoma iliyowambwa ngozi husogezwa motoni kabla ya Bagika na Bagalu kushindana; ngozi hukaza, sauti hupanda. Ikipata unyevu hulegea, na mpigaji huirudisha motoni. Mabadiliko hayo huenda pande mbili, na kila aliyepo huyasikia. Spika zinazosimuliwa, kinyume chake, hubadilika upande mmoja tu, wa uzuri. Hapana asemaye zilikuwa tamu siku ya kwanza zikachacha siku ya ishirini. Mpira na sifongo havijui kimpendezacho mtu. Vikilegea, vingelegea mara kwa faida, mara kwa hasara. (Sifongo, ikiachwa miaka mingi, huendelea kubadilika mpaka ikamomonyoka, na hilo hakuna aliitaye kuiva.) Kijuacho kupendezwa ni sikio.

Waswahili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hapa methali imepinduka, kipya ndicho kiudhicho. Huenda kitenzi chetu cha kuzoea kilikwisha kutoa jibu, maana hudai mwenye nafsi. Mtu aliyeishi na redio ya betri miaka kumi ameifanya sauti yake kuwa kipimo cha sauti zote, na spika nzuri lazima imshtue. Baada ya wiki kadhaa kipimo kimehama. Ushahidi wake kwamba sasa anasikia uzuri ni wa kweli. Kosa ni kuuelekeza kwenye kasha lililo mbele yake, badala ya yeye mwenyewe.

Je, muuzaji amesema uongo? Pengine anayaamini ayasemayo, na pengine ni adabu tu: kumwambia mteja kwamba sikio lake ndilo litakalozoea ni kama kumtukana. Lakini adabu hii ina gharama, na mwenye kuilipa ni mmoja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania Bara, iliyochota kwenye ile ya Uingereza ya 1893, humhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa akikaa nayo muda wa kutosha bila kutamka kwamba anaikataa. Fiqhi nayo humpa khiyari ya kurudisha kitu chenye ila, ila hiyo ikidhihiri. Lakini itadhihiri vipi kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba ila ni upya? Koili ikiwa inakwaruza, wiki tatu zitamfunza kuuvumilia mkwaruzo. Subira, ambayo ni fadhila, imegeuzwa kuwa kufuli la mlango wa kurudishia mali.

Muuzaji mwaminifu angemwambia: zipige leo saa chache kwa sauti ya kadiri, na usipozipenda, zilete kesho kutwa. Na atakaye kuujua ukweli azisikilize kwanza zote mbili, moja moja, kwa kuwa jozi hazifanani kabisa hata zikitoka kiwanda kimoja. Kisha airudishe moja kwenye boksi, nyingine aipige wiki tatu. Siku ya mwisho azisawazishe kwa ukubwa wa sauti, jirani azibadilishe bila kumwambia ipi ni ipi, naye ataje. Kwa pazia, kanga moja itatosha.