Jumatano: “Kama” ya Zakayo

Soma Luka 19:1–10 na Hesabu 5:5–8. Zakayo alitamka ahadi yake mbele ya nani, na ni nani waliopaswa kurudishiwa mali?

Mei 2, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya Bunge jijini Nairobi akaomba msamaha. Kenya ilikuwa imetoka katika kipindi kigumu. Uchaguzi wa urais wa Agosti 2017 ulibatilishwa na Mahakama ya Juu, upinzani ukasusia ule wa marudio, watu wakauawa katika vurugu, na Januari 30, 2018, Raila Odinga akaapa kuwa “rais wa wananchi”. Kisha, Machi 9, mahasimu hao wawili wakapeana mikono hadharani. Sasa Rais akawaambia Wakenya kwamba kama kuna neno lake lililowaumiza, wamsamehe.

Ni rahisi kulidharau neno hilo “kama”. Lakini Zakayo naye alilitumia! (Luka 19:8). Tofauti iko katika kilichofuata. “Kama” ya Zakayo ilifuatwa na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Mtu yeyote katika umati ule uliokuwa ukinung’unika angeweza kubisha mlangoni kwake kesho yake na kudai.

Kiongozi anayeomba radhi katika nchi iliyogawanyika hujiweka hatarini. Wafuasi wake humwona msaliti. Wapinzani huyageuza maneno yake kuwa silaha. Ndiyo maana wengi hunyamaza, na ungamo la hadharani, hata likiwa na upungufu, si jambo dogo.

Hata hivyo, sheria ya Musa inagusa jambo ambalo siasa hupenda kuliruka. Mkosaji aliungama, akarudisha kitu chote, akaongeza sehemu ya tano, akampa yule aliyemkosea. Ikiwa hapakuwa na jamaa wa kupokea, deni halikufa; lilikuwa la Bwana, likapewa kuhani. Viongozi wawili wanaweza kusameheana yale waliyotendeana wao wenyewe. Je, wanaweza kusamehe kwa niaba ya mjane ambaye mumewe aliuawa katika vurugu za uchaguzi? Hakuna fungu linalowapa mamlaka hayo. Machi 26, 2015, Rais huyo huyo alikuwa ameomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu ilipita, na waliodhulumiwa walikuwa bado wanausubiri.

Zakayo hakuwa na Bunge wala kamati ya kupitisha malipo yake. Alikuwa na mali yake tu, na majirani waliojua ilikotoka.

Jadilini darasani: Mshiriki aliyeeneza matusi dhidi ya kabila jingine wakati wa kampeni anataka kutengeneza. Ni nani wanaomdai, naye atawarudishia nini?